Kubadilisha madirisha ya nyumba Tanga: namna ya kupanga bajeti kabla hujampa fundi hata shilingi

Bei anayokutajia fundi alumini kwenye simu ni ya fremu, kioo na kazi ya kufunga. Humo hamna kung'oa dirisha la zamani, hamna lipu, hamna rangi, hamna grili, na mara nyingi hata wavu wa mbu hesabu yake iko kando. Ndiyo maana mtu huanza na fedha ya madirisha manane akaishia kufunga matano, na yale matatu yakazibwa turubai mpaka mfuko upate nguvu tena.

Kwa sisi wa Tanga kuna jambo la pili: hewa ya chumvi. Skrubu na fremu zinazokaa salama Dodoma au Morogoro zinaweza kuchoka upesi Raskazone au Sahare, na anayenunua kwa bei ya chini bila kuliangalia hilo hujikuta analipia kazi ile ile mara mbili. Kwa hiyo bajeti naianzia ukutani na baharini. Dukani tutafika baadaye.

Hatua ya 1: Kagua dirisha moja moja

Chukua daftari, anzia mlango wa mbele, zunguka nyumba yote na ulipe kila dirisha namba. Kwa kila moja andika linatazama upande gani, limetengenezwa kwa nini, na tatizo lake hasa ni lipi.

Kwa dirisha la mbao, chukua bisibisi na usukume pembe ya chini ya fremu, pale maji yanapotuama. Ncha ikizama kirahisi, pana kuoza au mchwa. Ikigoma, mti bado mzima. Kwa dirisha la chuma, gonga kutu kwa nyundo ndogo na utazame unene wa nondo pale zinapoingia kwenye sili (kizingiti cha chini cha dirisha), maana hapo ndipo huliwa kwanza. Tazama pia lipu pembeni mwa fremu. Ufa unaofuata mstari wa chuma maana yake kutu imefika ndani ya ukuta: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo huvimba na kuisukuma lipu nje. Ukiuona ufa huo, ujue kung'oa kutakuwa kazi kubwa na lipu ya kurudishia itakuwa nyingi.

Usisahau kuinua macho juu ya dirisha. Linta, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha, ikiwa na ufa au nondo zake zimeanza kuonekana, hiyo ni kazi ya mwashi na inatangulia zote. Kufunga dirisha jipya chini ya linta mbovu ni kutupa fedha.

Ukimaliza, yagawe madirisha mafungu matatu: ya kubadilisha sasa, ya kutengeneza, na ya kusubiri. Fungu la kutengeneza lipe heshima yake. Nyumba nyingi za zamani za Ngamiani zina fremu za mbao ngumu ambazo zinachohitaji ni bawaba mpya, kipande cha chini kipya na vanishi. Mvule au mninga uliokauka miaka mingi huupati kwa urahisi leo, na ni hasara kuung'oa ili kuweka alumini nyembamba. Luva nazo zikikosa vioo vichache na vishikio, mara nyingi zinatengenezeka kwa fedha kidogo.

Kwenye fungu la kubadilisha, upepo ndio ukuamulie kipi kitangulie. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, na mwanzo wake huja pamoja na mvua za masika. Kaskazi huja mwisho wa mwaka kutoka kaskazini-mashariki. Madirisha yanayotazama bahari na yale ya upande wa kusi ndiyo yanayopigwa na maji na chumvi kuliko mengine, kwa hiyo ndiyo yatangulie hata kama hayaonekani kutoka barabarani. Najua kishawishi cha kuanza na mbele ili nyumba ipendeze, lakini maji hayaingilii upande uliopendeza.

Hatua ya 2: Pima mwenyewe

Mafundi wetu huzungumza kwa futi, na ndivyo bei nyingi zinavyotajwa. Wewe pima kwa milimita, halafu geuza. Upana upime mahali patatu: juu, katikati na chini. Urefu vivyo hivyo: kushoto, katikati na kulia. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote. Kisha pima kona kwa kona, pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, tundu limepinda, na mwashi atalazimika kulinyoosha kabla ya fremu kuingia. Kwenye kuta za mawe na chokaa tarajia kupinda, na weka fedha ya kunyoosha tangu mwanzo.

Fremu hukatwa ikiwa ndogo kidogo kuliko tundu ili ipate nafasi ya kukaa na kuzibwa silikoni. Hiyo ni kazi ya fundi. Vipimo vyako ni vya kukuwezesha kupata makadirio yanayolingana kutoka kwa watu tofauti, na kumshika mtu akikuandikia futi za mraba zaidi ya ulizo nazo.

Hatua ya 3: Chagua aina kwa kufuata hewa

Hapa ndipo nyumba nyingi mpya za Tanga zimekosea. Dirisha la slaidi la vioo viwili hufunguka nusu tu. Dirisha la futi 5 kwa 5 lina futi 25 za mraba, lakini hewa inapita kwenye futi 12 na nusu, tena ukiondoa unene wa fremu ni pungufu ya hapo. Kwenye mji wenye unyevu kama wetu, chumba cha kulala chenye slaidi moja tu huwa tanuri usiku wa Februari, na ulichookoa kwenye dirisha unakirudisha kwenye umeme wa feni.

Ushauri wangu: slaidi iweke sebuleni kwenye madirisha mapana, au palipo na njia nyembamba ambapo kioo kikifunguliwa nje kitagonga watu. Vyumbani weka madirisha ya bawaba yanayofunguka nje. Hayo hufunguka karibu tundu lote, na upepo ukiyasukuma yakiwa yamefungwa hubana raba badala ya kuiachia. Gharama yake huwa juu kwa sababu ya bawaba na makomeo, lakini kwa chumba cha kulala fedha hiyo ina kazi. Panga pia mahali pa wavu na grili mapema: dirisha likifunguka nje, vyote viwili vinakaa upande wa ndani.

Chooni na jikoni luva bado ni chaguo zuri. Hupitisha hewa hata mvua ikinyesha, na kioo kimoja kikivunjika unabadilisha hicho hicho.

Ukitaka mbao, uliza mti gani na umekauka kiasi gani. Mbao mbichi hujikunja miezi michache baada ya kufungwa, na dirisha likagoma kufunga. Mkoa wetu una mitiki ya shamba la Longuza kule Muheza, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na mtiki hustahimili mchwa na maji vizuri. Nunua kwa muuzaji anayekupa stakabadhi halali. Mbao za njiani zisizo na karatasi zinaweza kukutia matatani.

Kuhusu kioo, usikubali kuandikiwa "kioo" tu. Taka unene. Kioo huwa na uzito wa takriban kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Dirisha lako la futi 5 kwa 5 ni mita za mraba 2.3, hivyo kioo cha milimita 4 kina kilo 23 na cha milimita 5 kina kilo 29. Tofauti hiyo hubebwa na magurudumu ya slaidi kila siku, kwa hiyo ukiongeza unene wa kioo, dai na magurudumu yenye nguvu. Mahali pa chini ambapo watoto hugonga, na bafuni, fikiria kioo kilichoimarishwa kwa joto: kikivunjika hutoka vipande vidogo butu. Ila hakikatwi tena kikishatengenezwa, kipimo kikikosewa ndiyo kimeharibika. Kioo cheusi hakiondoi joto kama watu wanavyodhani, chenyewe hunyonya jua na kupata moto. Kofia ya zege au kipande cha bati juu ya dirisha la magharibi hufanya kazi nzuri zaidi.

Hatua ya 4: Weka fungu la chumvi

Hili ni fungu la bajeti ambalo halimo kwenye makadirio ya mafundi wengi, na ningependa kila mwenye nyumba Tanga aliandike kwa jina lake.

Kwanza ni profaili, yaani vipande vya alumini vinavyounda fremu. Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini chumvi huitoboa vijitundu vyeupe kama rangi yake ya juu ni nyembamba. Uliza unene wa profaili yenyewe kwa milimita na unene wa rangi kwa mikroni (mikroni elfu moja ni milimita moja). Kama alumini imetiwa ganda kwa umeme badala ya kupakwa rangi ya unga, mikroni 25 ndicho kiwango kinachopendekezwa kwa pwani. Ganda la mikroni 10 ni la ndani ya nyumba. Muuzaji asiyejua namba hizo, mwombe aulize alikonunua.

Pili ni skrubu. Alumini ikigusana na chuma cha kawaida penye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa. Skrubu ya senti chache hutoboa fremu ya maelfu. Dai skrubu za chuma kisichoshika kutu, za daraja la 316 kwa nyumba zilizo karibu na bahari. Nenda na sumaku ndogo: ikinasa skrubu kwa nguvu, hiyo si ya 316, na mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Isiponasa au ikinasa kidogo sana, uko mahali pazuri. Kwa sababu hiyo hiyo, grili ya chuma isiguse fremu ya alumini. Iwe na nafasi yake, ifungwe ukutani.

Tatu ni silikoni. Ipo inayonuka siki ikitoka kwenye bomba, na ipo isiyonuka hivyo. Ile ya siki ina asidi, hula metali na haishiki vizuri kwenye saruji. Kwa madirisha taka ile nyingine. Bei yake iko juu kidogo na inastahili.

Nne ni grili. Kabla ya rangi ya mwisho ipigwe msasa, ipakwe rangi ya kuzuia kutu kila upande, hasa kwenye maungio ya kuchomelea na ncha zinazoingia ukutani. Ukiweza kupata chuma kilichochovywa zinki, bora zaidi. Ikishafungwa ukutani zile ncha huzifikii tena.

Hatua ya 5: Piga hesabu yote kwenye ukurasa mmoja

Nitatumia namba za mfano ili uone mpangilio. Si bei za soko, na wewe utaweka ulizopewa.

Nyumba ina madirisha manane: mawili ya sebule ya futi 6 kwa 5, matatu ya vyumba ya futi 5 kwa 5, moja la jikoni la 4 kwa 4, na mawili ya choo ya 2 kwa 2. Jumla ni futi za mraba 60, 75, 16 na 8, yaani 159. Tuseme futi moja ya mraba ni shilingi 10,000:

- Fremu, kioo na kufunga: 1,590,000
- Wavu, 15,000 kwa dirisha: 120,000
- Grili, 80,000 kwa dirisha: 640,000
- Kung'oa, sili na lipu, 40,000 kwa dirisha: 320,000
- Rangi: 250,000
- Fungu la chumvi (skrubu na silikoni): 110,000
- Usafiri: 70,000

Jumla ni 3,100,000. Ongeza akiba. Kwa nyumba ya tofali isiyo ya zamani sana, asilimia 10 inaweza kutosha. Kwa nyumba ya mawe, au yenye nyufa ulizoziona kwenye ukaguzi, weka 15 hadi 20. Nikiweka 15 napata 465,000, na jumla kuu inafika 3,565,000. Katika mfano huu, kitu kilichotajwa kwenye simu kuwa milioni moja na nusu na kidogo kimezidi mara mbili.

Angalia mambo mawili kwenye ukurasa huo. La kwanza, usitegemee bei ya futi ya mraba kwa madirisha madogo. Dirisha la 2 kwa 2 lina futi 4 za mraba lakini mzunguko wa fremu ni futi 8. La 6 kwa 5 lina futi 30 za mraba na mzunguko wa futi 22. Kwa kila futi ya mraba, dogo linakula fremu karibu mara tatu, na fundi analijua hilo. Omba bei ya kila dirisha, moja moja.

La pili ni rangi. Watu hupanga kupaka kiraka cha kuzunguka dirisha tu, kisha kiraka kinaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Weka fedha ya ukuta mzima wa upande huo. Fimbo za pazia nazo zikague, maana dirisha likibadilika kipimo, pazia la zamani halifiki.

Hatua ya 6: Omba makadirio matatu yanayolingana

Wape mafundi watatu karatasi ile ile: namba ya dirisha, kipimo, aina, unene wa profaili, unene wa kioo, skrubu, wavu, nani anang'oa, nani anapiga lipu. Bila hivyo utalinganisha vitu vitatu tofauti na kudhani mmoja ni rahisi.

Uliza kama bei ina VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, na kama utapewa risiti ya EFD. Asiyesajiliwa VAT hana ruhusa ya kukutoza. Uliza pia profaili zinatoka wapi. Kama zitaagizwa Dar es Salaam, ni karibu kilomita 350 kwa njia ya Chalinze na Segera, na gari hilo lina mwenye kulilipa.

Kabla hujachagua, mwambie akupeleke kwenye kazi aliyoifanya karibu na bahari, ambayo imeshapita masika angalau mawili. Angalia vichwa vya skrubu. Vikiwa na duara la kahawia, umeshapata jibu.

Nyumba ikiwa ya urithi, pitisheni karatasi hii kwenye kikao cha familia kabla ya advansi, na mwandike nani kachangia nini. Ikiwa ni jengo la kale, kama yale ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo au ya wakati wa Wajerumani hapa Tanga mjini, uliza kwanza halmashauri na wahusika wa malikale. Kwenye kuta za mawe na chokaa, lipu ya kurudishia nayo iwe ya chokaa. Saruji kali hufungia unyevu ndani, na ukuta ukaanza kumenyeka.

Hatua ya 7: Fedha isipotosha, gawa kwa upande

Tuseme una milioni mbili. Usinunue fremu nane zikakae stoo. Chukua upande mmoja wa nyumba, tuseme ule wa kusi, na uumalize kabisa. Kwenye mfano wetu, madirisha mawili ya sebule na moja la chumba ni futi za mraba 85, yaani 850,000. Grili tatu 240,000, kung'oa na lipu 120,000, wavu 45,000, skrubu na silikoni 60,000, rangi ya ukuta mmoja 100,000, usafiri 70,000 ule ule. Jumla 1,485,000, na akiba ya asilimia 15 inakufikisha kama 1,710,000. Unabaki na chenji, na upande wa kusi umeshafungwa.

Usafiri haukupungua ingawa madirisha yamepungua. Hiyo ndiyo gharama ya kugawa kazi, kwa hiyo gawa mara mbili, isizidi tatu. Andika jina la profaili na namba ya rangi ili awamu ya pili ifanane na ya kwanza. Ukiwa kwenye kikoba au mchezo, panga zamu yako iangukie kabla ya Januari au Julai. Miezi ya kuanzia Januari hadi Februari, na Julai hadi Septemba, ni mizuri kwa kazi hii. Machi hadi Mei usithubutu kufungua ukuta.

Hatua ya 8: Mkataba, kufunga na malipo ya mwisho

Andikeni mkataba hata wa ukurasa mmoja, wenye mashahidi. Advansi itoshe vifaa, na ikiwezekana nenda naye dukani mlipe pamoja. Sehemu ya pili ilipwe fremu zikifika nyumbani na wewe umezipima. Sehemu ya mwisho, isiyopungua asilimia 10, ibaki mpaka kazi ikaguliwe. Na iandikwe wazi: haling'olewi dirisha hata moja kabla jipya lake halijafika na kupimwa. Nyumba yenye tundu wazi usiku inahitaji mlinzi, na mlinzi naye analipwa.

Fremu za mbao ngumu na chuma chakavu ni mali yako. Semeni mapema nani anachukua, kwa sababu fundi akivibeba huku mmenyamaza, amekupunguzia bajeti bila wewe kujua.

Mwashi anapopiga lipu, alumini ifunikwe kwa utepe au nailoni. Saruji mbichi huiunguza na kuiacha na mabaka yasiyotoka. Sili iteremke kwenda nje.

Siku ya ukaguzi fungua na funga kila dirisha kwa kidole kimoja. Kisha chukua kikombe cha maji, mimina kwenye njia ya chini ya slaidi na usimame nje. Maji yatoke kupitia vitundu vya chini ya fremu. Yakituama, vitundu vimezibwa kwa silikoni au havikutobolewa kabisa, na masika yakija yatamwagikia ndani. Hapo fundi atoboe kwanza, ndipo umalize kumlipa.

Baada ya hapo tenga fedha kidogo ya kila mwaka kwa raba, magurudumu na rangi ya grili. Kuosha fremu hakuna gharama: ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, sabuni laini na kitambaa, kila baada ya miezi mitatu, na kwa nyumba zinazotazama bahari moja kwa moja kila mwezi wakati wa kusi.